Pazia Lenye Pete za Shaba

Kaka yangu Muhamadi aliondoka nyumbani kabla jua halijachomoza, Jumamosi ile ya mwezi wa sita, mwaka 1956, ambayo Serkli ilikuwa ifungue msimu wake. Alikunywa chai akiwa amesimama. Mkewe, Saidati, alikuwa anapuliza moto jikoni, akamuuliza anakwenda wapi mapema namna ile.

"Kazi kidogo," Muhamadi alisema. "Adhuhuri nitakuwa hapa."

Mimi nilikuwa nimelala kwenye mkeka chini ya meza ya kukatia nguo, kwa maana nilikuwa nimerudi likizo kutoka shule ya sekondari Usumbura na nyumba yetu ilikuwa ndogo. Niliisikia sauti yake, kisha nikasikia mlango. Saidati alimwona kwa mgongo tu, akishika njia na mzigo begani, mzigo uliofungwa ndani ya mkeka. Koti lake jipya lilibaki kwenye msumari.

Adhuhuri ilipita. Baada ya sala ya alasiri alikuja Théoneste, karani wa ofisi ya kodi, ambaye pia alikuwa prezida wa kamati ya Serkli. Hakuwahi kutia mguu nyumbani kwetu. Siku hiyo alikuja na sukari ndani ya karatasi, akampa Saidati, akabaki amesimama uani akijifuta shingo kwa leso.

"Fundi hajarudi?" aliuliza.

"Bado, Bwana Prezida," nilijibu.

"Bon, vema. Akirudi, mwambie namtafuta."

Alipokwisha kwenda, Saidati aliiweka ile sukari juu ya kinu bila kuifungua. Akanitazama.

"Shemeji, nani amemwambia kwamba Muhamadi ametoka?"

 Sisi hatukuwa tumemwambia mtu.

Ni lazima niseme Serkli ilikuwa nini, kwa maana watoto wanaokuja huenda wasiikute. Ilikuwa ukumbi wa mawe meusi ya volkano, paa la bati, karibu na soko la Gisenyi. Wakati wa mvua ulikaa umefungwa, popo wakaushika. Kiangazi kilipoingia kamati iliufagia, na kwa miezi ile mikavu mji wote ulikuwa na mahali pa kwenda: konseri za kwaya na za kodiani, michezo ya kuigiza Jumapili mchana, na filamu Jumamosi jioni, zilipofika kwa lori kutoka Bukavu. Viti vya mbele vilikuwa vya wazungu na machifu. Nyuma yao mabenchi ya makarani. Nyuma kabisa sisi wa Kambi ya Waswahili, pamoja na wavuvi na wachuuzi wa samaki, tukikaa popote.

Muhamadi alikuwa na kazi mbili pale. Ya kwanza, alikuwa ameshona pazia la kuonyeshea filamu. Lilikuwa la kitambaa cha amerikani nyeupe, vipande vinne vilivyounganishwa kwa mshono ambao hata ukiusogelea huuoni, na kwenye upindo wake wote alikuwa ametia pete za shaba za kupitishia kamba. Ya pili, alikuwa mfasiri. Watu wa kwenye filamu walisema Kifaransa, naye alisimama pembeni mwa pazia na fimbo ya mwanzi, akasema Kiswahili. Lakini hakusema yale yao tu. Mzungu wa filamu akimfokea mtumishi wake, Muhamadi alisema: "Anasema hivi: we karani, umechelewa tena, na jana nilikuona ku pombe ya Mama fulani." Na kila mtu alijua ni karani gani, na Mama gani. Watu walicheka mpaka mabenchi yakaanguka. Wengine hawakucheka.

Jioni ile ya ufunguzi watu walijaa. Kwaya iliimba, Ndayisaba akapiga kodiani yake. Kisha kamati wakafungua sanduku la pazia ili walitundike, na sanduku lilikuwa tupu.

Théoneste alipanda jukwaani. Akasema kwa sauti ya kusikika nyuma kabisa: "Mabwana na mabibi, pazia halipo. Fundi pia hayupo. Filamu haitaonyeshwa."

Hakusema uongo. Aliyaweka maneno mawili karibu karibu, watu wakayashona wenyewe.

*

Tangu kesho yake kila mtu alikuwa na habari zake. Wengine walisema Muhamadi yuko Goma, ng'ambo ya mpaka, kwa mwanamke mwenye duka, na amerikani yetu imekwisha kuwa mashuka ya kitanda. Wengine walisema hapana, ameshikwa na serikali kwa sababu ya maneno yake ya pembeni mwa pazia, na kwamba pazia lilichukuliwa makusudi ili aonekane mwizi. Polisi walikuja kumuuliza Saidati mumewe alibeba nini. Alisema kweli: alibeba mzigo. Mzigo gani? Hajui. Wakatazamana.

Wateja wa cherehani walikoma kuja. Wanawake waliokuwa wakisuka ukili na Saidati barazani waligundua kwamba majumbani mwao kuna kazi. Saidati alikwenda kwa mwalimu wa msikiti kuuliza hali yake mwenyewe. Mwalimu alimwambia kwa upole kwamba mke wa mtu asiyejulikana alipo hakai eda, kwa kuwa si mjane, wala hawezi kuolewa, kwa kuwa ni mke. Angoje.

"Ningoje nini?" Saidati aliniuliza aliporudi. "Kama amekufa, nimlilie. Kama ni mwizi, nimtukane. Lakini nitakaaje katikati?"

Alikwenda kulishika lile koti kwenye msumari, akaupekua mfuko mmoja baada ya mwingine, akalirudisha.

"Mwanaume anayekwenda kwa mwanamke," alisema, "haachi koti jipya."

Basi mimi nikaanza kuwatazama watu. Nilimtazama karani aliyetaniwa kwenye filamu, jinsi alivyobadili njia akiniona. Nilimtazama polisi. Zaidi ya wote nilimtazama Ndayisaba, kwa sababu alikuwa akivuka kwenda Goma kila mara kupiga kodiani kwenye mabaa, na kwa sababu wiki ya pili alitokea sokoni na shati jipya jeupe. Nilimfuata mpaka kwenye meza ya muuza chumvi. Nikainama kama mtu aliyeangusha kitu, ili niuone upindo wa lile shati.

"We Zuberi!" alipiga kelele, akinigeukia. "Unatafuta chawa? Chawa zangu zimesoma, hazipandi mutu wa sekondari."

Watu walicheka. Upindo ulikuwa wa cherehani mbaya, nyuzi zimerukaruka. Haukuwa mkono wa kaka yangu. Lakini shaka haikunitoka. Ilihama tu, ikatafuta mtu mwingine.

Théoneste, yeye, aliendelea kuleta sukari. Alikuwa haketi. Aliuliza "Hamujapata habari?", akaikazia macho mashine ya kushona na rafu ya vitambaa nyuma yake, akaenda. Saidati hakuifungua hata karatasi moja. Zilikuwa zimepangwa juu ya kinu, na sisimizi walikuwa wamezijua.

*

Kamati haikuweza kuuacha msimu ufe. Filamu zilisimama, lakini michezo ya kuigiza iliendelea, na Jumapili moja ya mwezi wa saba Ndayisaba na wenzake walicheza mchezo wao wa kuchekesha. Saidati alisema tutakwenda.

"Tutakwenda kufanya nini, shemeji?"

"Tukikaa nyumbani watasema tunaogopa."

Tulikaa nyuma, yeye upande wa wanawake, karibu na Drocella, mchuuzi wa samaki, mama mnene mwenye sauti ya kuita mtumbwi kutoka katikati ya ziwa. Mchezo ulikuwa wa mume mvivu na mama mkwe. Ulikuwa wa kawaida. Kisha, katikati, Ndayisaba alitoka, akarudi amejifunika shuka jeupe mwili mzima, na kwenye upindo wa shuka lile alikuwa amening'iniza pete za bati zilizokatwa kwenye makopo. Alitembea kwa kunyata, pete zikilia cheng, cheng.

"Mi ni fundi," alisema. "Nakwenda Goma. Musiniulize nimebeba nini. Ni shuka tu ya bibi yangu wa pili!"

Ukumbi ulilipuka. Hata viti vya mbele vilicheka, baada ya kutafsiriwa. Saidati alivuta kanga yake mpaka kwenye paji la uso, lakini hakuinuka. Na ndani ya kicheko kile nikaisikia sauti ya Drocella, ikipita juu ya zote:

"Eeh! Hiyo nguo mi naijua! Iko na hereni kama ile meza ya Rugerero!"

Watu walizidi kucheka, wakidhani ni utani mwingine. Mimi sikumtazama Drocella. Sijui kwa nini, nilimtazama Théoneste. Alikuwa kwenye kiti chake cha pembeni, mbele, na alikuwa ameacha kucheka kabla ya wengine.

Mchezo ulipokwisha nilimngoja Drocella mlangoni. Saidati alikuwa amekwisha kumshika mkono.

"Mama, meza gani ya Rugerero?" Saidati aliuliza.

"Aa, mwanangu, usikasirike, mi nilikuwa nacheka tu kama watu."

"Sijakasirika. Meza gani?"

"Meza ya harusi! Ya dada ya Prezida, kule Rugerero, wiki ile mbele ya Serkli kufungua. Mi nilipeleka samaki. Meza ndefu, ndefu kama mtumbwi, na nguo moja nyeupe imefunika yote. Nikasema moyoni, makarani wako na mali, hata meza yao inavaa hereni. Pete za shaba, pande zote." Alisita, akatutazama mmoja mmoja. "Tena mlevi mmoja akamwaga divai nyekundu. Hapa katikati. Prezida nusura alie."

Saidati aliuachia mkono wake taratibu.

*

Tulimkuta Théoneste ndani, anapanga viti. Wengine walikuwa wametoka. Saidati hakumwamkia.

"Doa lilikuwa kubwa namna gani, Bwana Prezida?"

Alishika mgongo wa kiti. Kwa muda nilidhani atatufukuza. Kisha akaketi, mtu yule ambaye hakuwa akiketi kwetu, na akaanza kusema kwa sauti ya chini akitazama sakafu. Alikuwa ametoa pazia kwenye sanduku bila kuiambia kamati, kwa sababu familia ya bwana arusi ilikuwa watu wakubwa na yeye hakuwa na kitambaa cha kufaa meza ile. Divai ikamwagika. Na Jumamosi bwana msimamizi mzungu angekuja kufungua msimu, akae mbele ya pazia lenye doa jekundu katikati. Basi Ijumaa jioni alimwita Muhamadi ukumbini, akampa pazia limefungwa ndani ya mkeka.

"Nilimwambia alifue. Alisema doa la divai linatoka kwa majivu na jua. Nilimwambia asilifue hapa mjini, watu wataona. Aende upande wa mawe, mapema, asimwambie mtu. Hata wewe."

"Na alipokosa kurudi?" niliuliza.

"Mi nilifikiri kweli amekimbia nayo! Naapa. Kitambaa chote kile... nilifikiri amepata nafasi yake."

"Ulifikiri," Saidati alisema. "Lakini ulijua alikokwenda. Polisi walipotuuliza mzigo, wewe ulikuwa unajua mzigo."

"Mama Saidati, mimi ni karani wa serikali. Kama wangesikia nimechukua mali ya kamati kwa harusi..."

Hakumaliza. Saidati alikuwa amekwisha kutoka.

*

Upande wa mawe ni ile ardhi nyeusi iliyo karibu na mpaka, ambako zamani mlima ulitapika na mawe yakateremka hadi ziwani. Hakuna anayelima pale. Kuna njia moja nyembamba ya watu wanaobeba vitu kwenda Goma. Tulikwenda Jumatatu asubuhi, mimi na Saidati, na katika njia ile tulimkuta mama mmoja amepumzisha mzigo wake wa viazi. Jina lake ni Nyirabahire, wa Busasamana. Amekuwa akipita pale tangu alipokuwa msichana.

Nilimuuliza kama ameona kitambaa cheupe mahali popote.

"Ile alama ya wazungu?" alisema.

"Alama gani, mama?"

"Wale wanaopima mlima. Huweka vitambaa vyeupe juu ya mawe, na ukigusa unafungwa. Sisi wote tunaiona, tunapita mbali." Alinyosha mkono. "Iko kule, ndani ya kashimo. Nilishangaa kidogo. Nikasema, wazungu gani hawa wanaoweka alama mahali pa mazuku?"

Saidati alianza kukimbia. Nyirabahire alimdaka kanga kwa nguvu mpaka akaanguka.

"Unakwenda wapi? Hujasikia nimesema mazuku?"

Sisi wa mjini neno lile tulilijua kama watoto wanavyojua jina la zimwi. Nyirabahire alilijua kama mtu anavyojua ngazi za nyumba yake. Mazuku ni pepo mbaya, hewa inayoua, inayotoka chini ya mawe. Haina rangi, hainuki. Inakaa mabondeni kama maji yanavyokaa kwenye bakuli. Alfajiri, upepo ukiwa bado umelala, bakuli linajaa. Mchana upepo unalimwaga. Ndiyo maana watu wa kule hawashuki kwenye shimo lolote asubuhi, na mbuzi wao hawawapeleki kamwe.

Tulisogea mpaka pale alipotuonyesha, hatua moja zaidi akatuzuia. Chini yetu palikuwa na kishimo kipana, na katika weusi ule wote kilikuwa kimeota majani mabichi, laini, mazuri. Pazia lilikuwa limetandazwa juu ya majani yale, limenyooshwa pande zote nne, kila pembe na jiwe lake. Kando yake alilala kaka yangu, kwa ubavu, kama mtu aliyeketi kungoja kitu kikauke akapitiwa na usingizi.

Nilielewa bila kuambiwa. Alikuwa amefua ziwani gizani, kisha akatafuta mahali pa kuanikia. Mawe yangechana amerikani. Majani mengine ya njiani yalikuwa na mavi ya mbuzi. Pale hapakuwa na mavi hata kidogo. Fundi yeyote angepachagua pale.

"Kama angekuja mchana," Nyirabahire alisema, "angeanika, angekwenda zake."

Nilikimbia mjini kuita watu, na wanaume wa msikiti walikuja na kamba jua lilipokuwa kichwani. Théoneste naye alikuja, akasimama nyuma, peke yake, juu ya jiwe. Nyirabahire aliwasha kicha cha majani makavu, akakiteremsha kwa kamba. Kilizimika nusu ya njia. Tukangoja. Upepo wa ziwa ulipopanda akateremsha cha pili, kikawaka mpaka chini. Ndipo wakashuka. Hakuna mnyama aliyekuwa amemgusa. Hakuna mnyama anayefika pale.

Walimleta juu pamoja na pazia. Mwalimu alisema haoshwi tena, atatayamamiwa, na azikwe leo leo. Akatuma mtu dukani kwa sanda.

"Asiende," Saidati alisema. "Sanda ipo."

Mwalimu alilitazama pazia, kisha akamtazama yeye, akasema polepole kwamba amesikia habari ya divai. Sanda haiwezi kuwa na najisi.

Tulilikunjua, mimi na mwalimu, juani. Tulitafuta katikati, tukatafuta pembeni, tukaligeuza. Lilikuwa jeupe lote. Muhamadi alikuwa amemaliza kazi yake.

Mtu mmoja wa kamati alisogea, akakohoa. "Lakini hii ni mali ya Serkli."

Saidati alijibu bila kumtazama. Nadhani alikuwa akimtazama yule aliyesimama juu ya jiwe.

"Mulisema ameichukua. Bon. Aende nayo."

 Nilizikata zile pete za shaba kwa kisu, moja moja, kwa sababu maiti haizikwi na chuma wala shaba, na tukamzika jioni hiyo makaburi ya Kambi. Saidati alirudi nyumbani, akamwaga sukari yote jalalani, akaingia eda.

*

Ndayisaba alikuja kuomba msamaha, akalia barazani kwetu, na sasa ninamwamini. Théoneste bado ni prezida. Kamati haikuuliza sana, wala yeye hakueleza sana, na ukimsikia anavyosimulia utadhani Muhamadi alikwenda kufua kwa hiari yake. Ndiyo maana nimeandika. Nikikutana naye hunisalimu kwa heshima, nami humwitikia, kisha huitazama ile mikono yake iliyompa kaka yangu mzigo.

Pete za shaba ziko kwenye kopo, rafuni karibu na cherehani. Eda imekwisha, na Saidati anashona. Kiangazi kimeingia tena. Kamati imepaka chokaa ukuta wa nyuma wa ukumbi, ndio pazia la mwaka huu, na Jumamosi nitasimama pembeni yake na ile fimbo ya mwanzi, maana mfasiri ni mimi.